Mtoto Kiziwi Hawezi Kusubiri Simu: Maoni Yetu Kuhusu Kompyuta Zinazosoma Ishara za Mikono

Bismillahir-Rahmanir-Rahim



Shukrani zote ni za Allah (SWT), aliyemuumba mwanadamu na kumfundisha kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), watu wa nyumba yake na Maswahaba zake wote.

Baada ya darsa moja ya akina mama hapa Buyenzi, dada mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake walipoondoka. Ana mtoto wa kiume wa miaka minane ambaye hasikii tangu kuzaliwa. Alitueleza kwamba nyumbani humwita kwa kumgusa bega, humwonesha sahani akitaka aje kula, na humkunjia uso akikosea. Wakati wa swala mtoto husimama kwenye safu pamoja na baba yake, akarukuu wanaporukuu na kusujudu wanaposujudu, lakini hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini wanafanya hivyo, wala wanamwabudu nani. Kisha dada yetu akauliza: "Mdogo wangu aliyeko Ulaya ameniambia kuna kompyuta zinazosoma ishara za viziwi na kuzigeuza maneno. Je, nisubiri zifike huku? Maana mimi kujifunza hizo ishara naona umri umenipita."

Siku ile hatukuwa na jibu. Tukaenda kusoma, tukawauliza wanaoijua kompyuta na wanaoijua dini, na makala haya ndiyo jibu letu. Kwa ufupi: dada yetu, usisubiri. Lakini tunaona ni haki yako, na haki ya wazazi wengine wenye swali kama lako, tueleze sababu. Wala hatutaki mtu adhani kwamba tunaidharau elimu hiyo. Ni elimu kubwa na ina manufaa yake, mradi kila kitu kiwekwe mahali pake.

KOMPYUTA INAUSOMAJE MKONO?

Kompyuta haina macho kama yetu. Kwake yeye picha ni jedwali la namba tu. Chukua picha ndogo ya mkono yenye nukta 28 kwa upana na nukta 28 kwa urefu. Jumla ni nukta 784, na kila nukta ina namba yake, kuanzia 0 ambayo ni weusi kabisa hadi 255 ambayo ni weupe kabisa. Sisi tunaona kidole cha shahada kimenyooka, yenyewe inaona namba 784.

Njia inayotumika leo huitwa kujifunza kwa kina, na ni tawi moja la hiyo inayoitwa akili bandia au akili mnemba. Inaitwa "kwa kina" kwa sababu zile namba hupitishwa katika tabaka nyingi, moja baada ya nyingine. Tabaka za mwanzo hutambua mistari na kingo. Zinazofuata huiunganisha mistari ikawa kidole au kiganja. Za mwisho hutoa hukumu: hii ni herufi A, hii ni B. Hakuna mtu anayeiandikia kompyuta kwamba herufi fulani ni ngumi yenye dole gumba pembeni. Huoneshwa maelfu ya picha ambazo watu wamekwisha kuziandikia majibu. Ikikosea, hurekebisha kidogo namba zake za ndani na kujaribu tena. Aliyepita chuoni utotoni ataelewa haraka: mtoto anasoma, ustadhi anasahihisha, mtoto anarudia, mpaka kosa linaondoka. Tofauti ni kwamba mtoto anaweza kushika baada ya kusahihishwa mara chache, na kompyuta huhitaji kusahihishwa mara maelfu kwa maelfu.

Jambo hili lilipata nguvu mwaka 2012, pale Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliposhinda kwa mbali mashindano ya kompyuta kutambua vitu katika picha. Programu yao ilifundishwa kwa picha kama milioni 1.2 za vitu vya aina 1,000. Mwaka 2019 kampuni ya Google ilitoa programu ya bure inayoweza kuonesha, kwa kamera ya simu ya kawaida, nukta 21 za mkono, yaani viungo na ncha za vidole. Kwa hiyo leo mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kompyuta ya wastani anaweza, kwa wiki chache, kutengeneza programu inayotambua herufi za vidole. Hiyo ndiyo habari aliyoisikia mdogo wake dada yetu, na ni habari ya kweli.

HERUFI SI LUGHA

Hata hivyo ni kweli yenye mipaka. Mkusanyo mmoja wa picha unaotumiwa sana na wanafunzi wa somo hili duniani ulitolewa mwaka 2017. Una picha 27,455 za kufundishia na 7,172 za kupimia, zote za herufi za vidole za Marekani. Alfabeti yao ina herufi 26, lakini ndani ya mkusanyo huo zimo 24 tu. J na Z hazimo, kwa sababu huandikwa hewani kwa kuusogeza mkono, na picha iliyotulia haioneshi mwendo.

Basi ikiwa herufi mbili zimekwama kwa sababu ya mwendo mdogo tu, itakuwaje kwa lugha nzima? Maana lugha ya ishara, ambayo wengine huiita lugha ya alama, ni lugha kamili. William Stokoe, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, aliandika mwaka 1960 kwamba kila ishara ina sehemu zake: umbo la mkono, mahali inapofanyika na mwendo wake. Ukibadilisha sehemu moja, maana nayo hubadilika. Mfano ni huu: katika lugha ya ishara ya Marekani, kiganja kilichokunjuliwa na dole gumba likiwa kwenye paji la uso ni "baba". Kiganja hicho hicho kikishushwa, dole gumba likagusa kidevu, ni "mama". Programu iliyopewa picha ya mkono peke yake haiwezi kumtofautisha baba na mama! Tena uso nao husema. Kupandisha nyusi kunaweza kuigeuza habari ikawa swali.

Sisi Waislamu tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine. Mtoto aliyejua alif, be, te bado hajaweza kusoma Yasin, na aliyeweza kusoma Yasin bado hajajua maana yake. Mtu akituonesha programu inayotambua herufi 24 za vidole, tumpongeze, lakini tusimwambie kuwa amewafungulia viziwi milango ya mazungumzo.

Viziwi wenyewe wamelisema hili. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington walipata zawadi ya dola 10,000 kwa kutengeneza glavu zilizosemekana kutafsiri lugha ya ishara ya Marekani. Ikasifiwa sana, kisha wataalamu wa lugha na viziwi wakajibu kwamba glavu haioni uso, na kwamba watengenezaji hawakuwashirikisha viziwi tangu mwanzo. Lipo pia jambo la heshima ndani yake. Kiziwi ndiye anayevalishwa kifaa ili msikivu apate raha ya kutojifunza lolote. Mzigo wote unawekwa upande mmoja.

Hatusemi hivyo kwa kuwadhania watu vibaya. Jirani yetu Mkenya, kijana Roy Allela, naye alitengeneza glavu za namna hiyo, na alieleza kuwa kilichomsukuma ni mtoto wa ndugu yake aliyezaliwa hasikii na familia ikashindwa kuzungumza naye. Moyo huo ni mwema na tunauheshimu. Tunachosema ni kwamba huruma peke yake haitoshi bila kumuuliza anayehurumiwa.

MIKONO YA NANI?

Kompyuta hujua kile tu ilichooneshwa. Sasa tujiulize, imeoneshwa mikono ya nani?

Wengi hudhani lugha ya ishara ni moja dunia nzima. Umoja wa Mataifa husema ziko zaidi ya 300. Hata Waingereza na Wamarekani, wanaoandika Kiingereza kimoja, hawafanani: Mwingereza huonesha herufi kwa mikono miwili, na Mmarekani kwa mkono mmoja. Uganda wana lugha yao ya ishara, na katiba yao ya mwaka 1995 iliitaja. Kenya wana yao, na katiba ya mwaka 2010 imeifanya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sisi wa Burundi, Rwanda na Kongo tuna ishara zetu. Programu iliyofundishwa kwa mikono ya Marekani ikiletwa Buyenzi au Nyamirambo itakuwa kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege leo asubuhi.

Mwaka 2021 palifanyika mashindano ya kompyuta yaliyohusu lugha ya ishara ya Kenya. Wakenya wa kawaida walijipiga picha kwa simu zao wakionesha ishara 9, na washindani wakatakiwa kuifundisha kompyuta izitambue. Miongoni mwa hizo 9 zilikuwamo "rafiki", "mimi", "wewe", "kanisa" na "msikiti". Tulifurahi kuona msikiti umo. Lakini ishara 9 ni maneno ambayo mtoto mdogo huyamaliza kabla ya kuachishwa ziwa. Chuo Kikuu cha Maseno, huko huko Kenya, nacho kimefanya kazi ya kukusanya video za lugha hiyo, na hiyo ndiyo njia sahihi: picha za kwao, viziwi wa kwao, lugha ya kwao.

Kuna na suala la rangi ya ngozi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu zinazokisia jinsia ya mtu kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe, kosa halikufika hata 1 kwa 100. Kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea zaidi ya 34 kwa 100. Sababu kubwa ni picha zilizotumika kufundishia na kupimia. Uso na mkono ni vitu viwili, lakini funzo ni lile lile: usipokuwamo katika mafunzo, usitarajie kutambuliwa vizuri.

Kwa upande wa herufi za Kiarabu kuna habari ya kutia moyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Prince Mohammad Bin Fahd, Saudi Arabia, walikusanya picha 54,049 za ishara 32 za herufi za Kiarabu, zilizooneshwa na watu zaidi ya 40, na wakazitoa bure kwa kila mtafiti. Kwa sisi wenye watoto wa kufundisha Qur'an, hii si habari ndogo. Tutairudia hapo chini.

DINI YETU IMEITAMBUA ISHARA ZAMANI

Baadhi yetu tunaona haya mtoto wetu anaponyoosha mikono barabarani. Tunamshusha mikono. Tunamwita "bubu" mbele ya wageni. Tukumbushane kidogo.

Qur'an inatupa habari ya Nabii Zakariya (AS), aliyepewa alama kwamba kwa siku tatu hatasema na watu ila kwa ishara, naye akawaashiria watu wake wamsabihi Mola wao asubuhi na jioni. Yaani Nabii alitoa mawaidha kwa ishara! Bibi Maryam (AS) alipowajia watu wake na mwanawe, naye ameweka nadhiri ya kutosema, jibu lake lilikuwa ishara ya kumwelekea mtoto. Na Mtume wetu (SAW) alipowafundisha Maswahaba hesabu ya siku za mwezi, alionesha kwa vidole vya mikono yake mara tatu, na mara moja akakunja dole gumba, wapate kufahamu kuwa mwezi huwa siku 29 au 30. Ni Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim.

Wanazuoni wa fiqhi wakajenga juu ya msingi huo. Imamu Bukhari ameweka mlango mzima kuhusu ishara katika talaka na mambo mengine. Majalla, kitabu cha sheria cha dola ya Uthmaniyya kilichoandikwa kati ya mwaka 1869 na 1876, kinasema katika kifungu cha 70 kwamba ishara inayofahamika ya asiyeweza kusema inashika nafasi ya ulimi wake. Wakati huo huo Ulaya ilikuwa inaelekea kwingine. Mwaka 1880, katika mkutano wa Milan, Italia, walimu waliazimia ishara ziondolewe mashuleni na watoto viziwi walazimishwe kutamka. Miaka 130 ikapita mpaka mkutano kama huo, uliofanyika Vancouver mwaka 2010, ukatamka kujutia azimio lile.

Basi turathi tunayo. Lakini matendo yetu je? Mtu aliyezunguka Afrika kuwafungulia viziwi shule alikuwa mmisionari wa Kikristo, Andrew Foster, Mmarekani mweusi ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi. Alianza Accra, Ghana, mwaka 1957, akafungua takriban shule 30 barani, zikiwemo za Kongo wakati huo ikiitwa Zaire, na alifariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Watoto wetu wengi viziwi walijifunza neno la kwanza la ishara katika shule za wamisionari. Hatuwalaumu waliofungua mlango. Tunajilaumu sisi ambao madrasa zetu hazikuwa na mlango.

TATIZO LENYEWE LIKO NYUMBANI

Utafiti wa Marekani umeonesha kuwa zaidi ya 90 kwa 100 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake, mtoto anazaliwa katika nyumba ambayo hakuna hata mtu mmoja anayejua lugha atakayoiweza. Hapa kwetu nyumbani ni Kiswahili, shuleni ni Kirundi na Kifaransa, madrasa ni Kiarabu. Mtoto msikivu anakua na lugha nne. Ndugu yake kiziwi, chini ya paa hilo hilo, anakua bila hata moja.

Na lugha ina wakati wake. Miaka mitano ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo hupokea lugha kwa wepesi kuliko wakati wowote. Mtoto aliyekosa lugha kamili katika miaka hiyo hupata tabu baadaye ya kusoma, kuhesabu, hata kueleza kinachomuuma. Sasa fikiria: programu ya kutafsiri lugha nzima ya ishara za kwetu ije lini? Hata ikija baada ya miaka michache, kijana wa miaka minane atakuwa amebaleghe. Kalamu itakuwa inamwandikia, na sisi hatujamfundisha hata shahada. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Tutajibu kwamba tulikuwa tunasubiri simu?

Tena hata simu ikija, itasoma nini? Kompyuta inasoma ishara za mtu anayejua ishara. Mtoto ambaye hakufundishwa lugha hana cha kusomwa. Hili ndilo tunalotaka wazazi walishike kuliko yote katika makala haya.

Na kuhusu umri kupita, dada yetu, tumkumbuke Zaid bin Thabit (RA). Mtume (SAW) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili asitegemee watu wengine kumsomea na kumwandikia barua, na imepokewa kuwa alijifunza kwa muda wa nusu mwezi. Sisi si Zaid, ni kweli. Lakini hakuna anayekutaka uwe mkalimani wa bunge. Ishara tano kwa wiki ni ishara zaidi ya 250 kwa mwaka. Utaweza kumwambia mwanao: Allah ni mmoja, nakupenda, unaumwa wapi, leo tumefunga, samahani nilikukosea.

MAMBO YASIYOACHIWA MASHINE

Programu nyingi hutangazwa kuwa hupatia zaidi ya 95 kwa 100. Msomaji ajue kuwa mara nyingi namba hiyo hupimwa kwa picha zinazofanana na zile za kufundishia: mikono ile ile, ukuta ule ule nyuma, mwanga ule ule. Ikiletwa mikono ya mtu mwingine, jioni, chini ya taa hafifu, namba hushuka.

Na hata 95 ibaki 95, bado kuna makosa matano katika kila mia. Kwenye kumsahihisha mtoto herufi, makosa matano hayadhuru. Lakini vipi binti kiziwi akiulizwa kama ameridhia nikahi, na mashine ikageuza "sitaki" kuwa "nataka"? Vipi mgonjwa akimweleza daktari dawa inayomdhuru? Vipi shahidi mbele ya kadhi? Wanazuoni waliposema ishara inayofahamika, walimaanisha inafahamika kwa watu wanaomjua na kuijua lugha yake. Maoni yetu ni kwamba katika nikahi, talaka, wosia, mahakama na hospitali, awepo mkalimani mwadilifu, mtu anayeulizwa na kujibu. Hukumu za undani wa jambo hili tunawaachia mashekhe wetu, na tunawaomba walizungumze.

Pia kuna amana ya picha. Ili kompyuta ifundishwe, watu hupigwa picha na video, na uso lazima uonekane kwa kuwa nao ni sehemu ya lugha. Mtu akija madrasa kuwapiga picha watoto viziwi, aulizwe: zinakwenda wapi, nani atazihifadhi, mzazi akitaka zifutwe atamwona nani? Kina dada wanaojisitiri wapewe nafasi ya kurekodiwa na wanawake wenzao, au wakatae bila kusumbuliwa.

TUNASHAURI NINI?

Kwanza, wazazi. Mtafuteni mtu mzima kiziwi anayejua ishara vizuri, awe mgeni wa nyumba yenu mara moja kwa wiki, na mumlipe. Anayefundisha awe yeye, na mnaojifunza muwe wote: baba, bibi, dada na kaka. Mama peke yake akijifunza, mtoto anakuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye duniani.

Pili, misikiti. Leo hotuba ya Ijumaa katika Misikiti Mitukufu ya Makka na Madina hufasiriwa kwa ishara. Kama inawezekana pale penye mamilioni, kwetu kinachokosekana ni nia na posho ya mkalimani mmoja. Atengewe mahali pa mbele penye mwanga, na viziwi wakae wanapomwona.

Tatu, madrasa. Yogyakarta, Indonesia, kuna chuo cha bweni cha watoto viziwi kilichoanza mwaka 2019, ambako wanahifadhi Qur'an kwa ishara za herufi za Kiarabu. Hapa ndipo kompyuta inaweza kutusaidia kweli. Mtoto akiwa peke yake jioni, anaionesha simu "jim", simu inamwambia sawa au rudia. Kazi hiyo ni ya herufi, ni ya mkono uliotulia, na kosa lake halimdhuru mtu. Zile picha 54,049 za Saudi Arabia zinaweza kuwa mwanzo, tukaongeza za mikono ya watoto wetu. Simu iwe msaidizi wa muraja'a, na ustadhi abaki kuwa ustadhi.

Nne, vijana wetu wanaosoma kompyuta Bujumbura, Kigali, Kampala na Goma. Tunajivunia nyinyi. Mkitaka kuingia katika kazi hii, anzeni kwa kujifunza ishara zenyewe miezi michache kabla ya kuandika programu. Viziwi wawe wakuu wa kazi, wachague ishara zipi zirekodiwe, na walipwe kwa video zao. Na mkiitangaza, semeni ukweli: "inatambua herufi kadhaa" ni sifa tosha. Anayesema "inatafsiri lugha ya viziwi" huenda akamfanya mama fulani asubiri.

MWISHO

Dada yetu tuliyeanza naye amekubali kuanza. Mwalimu aliyempata ni fundi cherehani kiziwi wa mtaa wa pili, aliyekuwa akipita mbele ya mlango wake miaka yote na hawakuwahi kusalimiana. Ishara ya kwanza aliyoomba afundishwe ilikuwa "Allah". Ya pili ilikuwa "mwanangu".

Tunamuomba Allah (SWT) awafanyie wepesi wazazi wote wenye watoto viziwi, aibariki mikono inayofundisha na mikono inayojifunza, awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na asitufanye miongoni mwa waliopewa amana wakaisahau. Aamin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.